Wakimbia Nini?

Saa kumi na moja na robo, Sparki bado kuna kiza.
Nafunga kamba za raba nilizonunua Kongowea
kwa shilingi mia sita, moja imefifia kuliko mwenziwe,
kana kwamba mwenye nazo wa kwanza
aliuanika mguu mmoja tu.

Bi Mwanaharusi, karai lake limeshashika moto,
haachi kuuliza:
"Saumu, wakimbia nini?"

Swali la haki.
Mtu mzima kwetu hakimbii bure.
Hukimbia deni, hukimbia mvua, hukimbia mume,
hukimbizwa na mbwa wa Kizingo walioshiba kuliko yeye.
Akikimbia na nyuma yake hakuna kitu,
basi kitu kimo ndani.

Daktari wa Ganjoni alikiita sonona,
akakiandika kwa kalamu ya buluu.
Mama alikiita jicho, akafukiza ubani.
Mimi sikukiita.
Nililala chini miezi mitatu, shavu kwenye saruji,
nikisikiliza mfereji wa jirani ukijaza ndoo,
nikiionea wivu ndoo, kwamba hujaa.

Mbio za sakafuni, wasema, huishia ukingoni.
Zangu zilianzia sakafuni kweli,
na siku ya kwanza ukingo ulikuwa nguzo ya stima
mbele ya kinyozi. Nyumba nne.
Nikashika magoti, nikatema mate,
nikarudi nikitembea kama mtu aliyesahau pochi.
Lakini adhuhuri nilisikia njaa.
Njaa! Mgeni huyo sikumwona tangu mfunguo tatu.
Nikala viazi vya karai vya shilingi hamsini
na ukwaju nikaulamba kwenye karatasi.

Kesho yake, nguzo mbili.
Kisha Tononoka. Kisha, sijui lini, Makadara.

Damu hufanya nini huko ndani, sijui.
Daktari ana mchoro wa ubongo ukutani, anao wa kueleza.
Ninachojua mimi ni hesabu ya pumzi:
neno "sifai" lina silabi tatu.
Jaribu kulitamka ukikimbia.
Si, hatua,
fa, hatua,
na ile i hubaki nyuma barabarani,
wanaigombania kunguru.

Pale benki, askari wa usiku, Kazungu,
ananionyesha saa ya mkononi:
"Leo umechelewa dakika nne."
Dakika nne!
Kuna mtu Mombasa hii
ambaye kukosekana kwangu kunampa hesabu.
Nimebeba maneno hayo hadi mnara wa taa,
upepo wa Mama Ngina ukinisukuma kifuani,
honi ya feri ikikoroma kule Likoni,
uso umelowa wote,
na hakuna wa kuuliza kama ni jasho.

Sitasema uongo.
Alhamisi iliyopita nilikimbia nayo bega kwa bega,
kwenda na kurudi,
ikaingia nyumbani kabla yangu, ikakalia kiti changu.
Vidonge bado vimo kwenye kopo la majani ya chai,
nameza kimoja kila usiku.
Raba na kidonge hawagombani,
ni mawifi waliozoeana.
Na zipo asubuhi kamba hazifungiki,
vidole vinazishika tu, vinazishika,
hadi jua linachomoza juu ya paa la mabati
nami nimekaa palepale kizingitini.

Jana Bi Mwanaharusi aliliuliza tena,
mwiko mkononi, moshi machoni,
ila ulimi wake ulikuwa umeongeza kitu:
"Saumu, wakimbilia wapi?"

Silabi moja tu kaichomeka katikati.
Nilikaribia kusimama.
Sikuwa na pumzi ya kumjibu, wala jibu,
nikanyoosha mkono mbele, popote,
kwenye lami iliyoanza kupata rangi.

"Haya. Mahamri mawili nakuwekea," akasema.

Nilishaipita nguzo ya kinyozi
nilipogeuza shingo, nikapaza sauti:
"Manne!"